Tuulizane: Kalasi yangu ya watu wazima inapunguka kila wiki, nifanyeje?

Karibuni tena. Mwezi huu barua karibu zote zinaongelea jambo moja, kalasi za jioni za ufundi hapa Goma, zile ambamo unakuta mama wa watoto 5, motari, kijana aliyeacha sekondari njiani na papa aliyepoteza kazi, wote wanasomea pamoja. Mimi nilifundisha kushona kwa watu wazima miaka 11 upande wa Majengo, donki hizi barua zinanigusa sana, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu, mtanisamehe, zingine zitakuwa fupi.

Mama Mwalimu, jambo sana. Mimi ni formateri wa umeme wa nyumba ku santre moja ya ufundi, sitataja jina. Kalasi yangu ni ya jioni, saa 11 mpaka saa 1. Tulianza watu 26 mu mwezi wa 2, leo nikiwa na bahati naona 12. Wengine wanasinzia, wengine wanachati, kuna papa mmoja anaangaliaka tu tablo bila kuandika kitu, na nikiuliza swali wote wananyamaza kimya. Nimewakaripia, nimewabembeleza, nimewaongelea maisha ya kesho, hakuna. Na hawa ni watu wanaolipa na feza yao wenyewe! Sasa juu ya nini hawana hamu? — Formateri wa umeme, Ndosho

Papa formateri, jambo na wewe. Nianze na ile sentensi yako ya feza juu jibu liko ndani yake. Mtu ameuza makala siku nzima, ao amebeba watu ku pikipiki tangu asubuhi, ametoa dola ambazo nyumbani zilikuwa na kazi zingine kumi, amekuja na mguu mpaka santre akijua atarudi kukiwa giza. Huyo mtu hamu anayo, alikuja nayo tangu siku ya kujiandikisha. Kuna kitu kinaikula njiani, ao kinaikula ndani ya kalasi yako. Kwa hiyo acha kwanza maneno ya kumtia moyo, tafuta kile kinachomkula.

Na wanaokijua ni wale 14 waliopotea. Watafute. Mwaka mmoja mimi nilianza na mama 18, nyuma ya miezi 2 nikabaki na 9, na nilikuwa najiambia basi, hawana bidii. Siku moja ya posho nikachukua mguu nikaenda kuwasalimia kwao, mmoja mmoja, bila kaye ya prezansi, kusalimia tu. Wanne walikuwa na deni ya minervali, ile feza ya masomo, na kwetu katibu alikuwa anasomaka majina ya wenye deni kwa sauti pale mlangoni, sasa mama wa miaka 38 anayeheshimiwa mu kartie yake atakubali aje asomwe mbele ya mabinti wa jirani? Anabaki kwake. Wawili masaa yao ya soko yalibadilika. Mmoja mtoto wake aliugua wiki 2 na nyuma yake akaona haya kurudi juu alihesabu kwamba wenzake wamemwacha mbali. Mmoja hakuwa anaona tundu la sindano vizuri. Na wa mwisho alinitazama akaniambia, Mwalimu, mimi nilikuja kujifunza kushona, wewe unaniandikisha.

Hakuna hata mmoja aliyeniambia hana hamu. Wale wa deni tulikubaliana na santre walipe kidogo kidogo kila wiki, kama vile wanachangaka ku likelemba, ule mchango wa kupokezana, na majina yakaacha kusomwa mlangoni, watatu wakarudi. Aliyeona haya nilimpa jirani mmoja wa kalasi apite kwake kumwonyesha yale aliyokosa, akarudi. Nakuambia hivi juu nataka ujue kwamba nusu ya kazi yako iko nje ya kalasi, na kama wewe hauna nguvu ya kubadilisha habari ya minervali, mudire wako anayo, mpelekee hiyo habari na majina ya watu na hesabu ya pesa santre inayopoteza wakiondoka.

Lakini yule wa "unaniandikisha" njo aliniuma, na nadhani njo atakusaidia wewe zaidi. Sisi wengi tulisomeshwa vile, mwalimu anasimama na makaratasi yake, anasoma, wewe unaandika, saa imeisha. Mtoto anavumilia juu hajaona kingine na minervali si yake. Mtu mzima kila dakika anajiuliza, hii nitaifanyia nini? Malcolm Knowles, Mmarekani aliyetumia maisha yake mu elimu ya watu wazima, alikuwa anasisitiza mambo hayo hayo: kwamba mtu mzima anataka kujua sababu ya kujifunza kitu mbele ya kukijifunza, kwamba anaingia kalasini na yote aliyoyaishi, na kwamba anashika vizuri zaidi ukianzia ku tatizo analolijua kuliko ukianzia ku sura ya 1. Yule mama wa soko alikuwa ameniambia yote hayo kwa sentensi moja.

Chukua somo lako la wati, volti na ampere. Najua vile linafundishwaka: formula ku tablo, P sawa na U mara I, maana yake wati sawa na volti mara ampere, maelezo mistari sita, zoezi, wanaandika, wanasinzia. Sasa fanya hivi. Ingia na ralonji moja ya zamani, waya wa kurefusha umeme, ile ya waya mwembamba inayouzwa Birere, na kama plastiki yake imeshayeyuka ni vizuri zaidi, weka ku meza halafu uliza swali moja tu: nani ameshaona hii ikiwasha moto? Mu mji wa nyumba za mbao kama wetu hautapata kimya, papa. Kila mtu iko na jirani, ao shangazi, ao yeye mwenyewe. Waache waongee dakika kumi, usiwakate, nyuma uliza mu ile nyumba vitu gani vilikuwa vimechomekwa. Watakuambia resho na pasi. Vizuri, resho ya wati 2000 na pasi ya wati 1000, ni wati 3000, wagawanye wenyewe na volti 220 ku simu zao, inatoka karibu ampere 13,6. Waya mwembamba kama ule wa ralonji, wa milimita mraba 0,75, haupashwe kubebeshwa zaidi ya ampere 6 hivi. Hapo utaona uso wa mtu unabadilika. Waambie tena kwamba ampere zikiwa mara 2, joto ndani ya waya linakuwa mara 4, basi kila mmoja anawaza ralonji iliyo nyuma ya kabati yake. Formula unaiandika mwishoni, dakika tano, na wataiandika wote juu sasa wanaihitaji.

Na usiwaache waende mikono mitupu. Kila mmoja akahesabu wati za kwake, taa, televizyo, friji kama iko, aandike ku karatasi, kesho alete. Unaona ile kimya unayolalamikia? Mtu akiulizwa "ampere ni nini?" anaogopa kukosea mbele ya watu, na kwa mtu mzima kukosea mbele ya watu ni kitu kikubwa sana, ni heshima yake yote. Akiulizwa "kwako umepata wati ngapi?" hawezi kukosea, ni kwake, anasema, na akishasikia sauti yake mara moja ndani ya kalasi, mara ya 2 ni rahisi.

Kuna kitu haukukiandika lakini nakikisia. Unafundisha mu Kifaransa? Juu nimeona kalasi nyingi ambamo formateri anaongea Kifaransa safi saa nzima, na watu wanaitikia na kichwa, na hakuna anayefuata. Wanaona aibu kusema. Wanachati juu simu inaongea lugha wanayoisikia. Kifaransa wanakihitaji, sikatai, mtihani na jury ni mu Kifaransa, fakture ya patroni ni mu Kifaransa, me jambo jipya na lugha ngumu kwa mara moja ni mizigo miwili ku kichwa kimoja. Eleza kwa Kiswahili mpaka iingie, wafanye na mikono, nyuma njo utoe jina la Kifaransa, disjonkteri, fizibo, priz, fil de tere, uandike ku karatasi kubwa na ubandike ukutani pale wanapofanyia kazi. Nyuma ya mwezi watakuwa na maneno 40 na hawajui wameyapata lini.

Hapa mniruhusu nimtaje Paulo Freire, Mbrazili. Mu 1963, ku mji mdogo unaoitwa Angicos kaskazini mashariki mwa Brazili, yeye na wanafunzi wa yunivasite walifundisha watu wazima karibu 300 kusoma na kuandika, mpango wa masaa kama 40 tu. Hakuanza na a-e-i-o-u. Njia yake ilikuwa kuchukua maneno ya kazi na maisha ya watu wenyewe, kama vile tofali, kwa Kireno tijolo, wakaliongelea kwanza, nani anafyatua, nani analipwa ngapi, nani anajenga nyumba asiyolala ndani yake, nyuma wakalikata, ti-jo-lo, na kila kipande wakakizalisha, ta-te-ti-to-tu. Mwaka uliofuata wanajeshi wakachukua utawala, Freire akafungwa, halafu akaishi ukimbizini zaidi ya miaka kumi, ujue basi vile watu wenye nguvu waliogopa mtu mzima anayejifunza akiwa macho. Alikuwa anasema walimu wengi wanamfanya mwanafunzi kama sanduku la akiba, mwalimu anaweka, mwanafunzi anatunza. Ralonji yako ya kuungua njo tofali la watu wa Ndosho.

Sasa mambo madogo, lakini usiyapuuze. Yule papa anayeangalia tablo bila kuandika, tafadhali usimuite mbele ya watu. Kama amepita miaka 40 inawezekana macho yake ya karibu yanaanza kuchoka, inafikaka kwa karibu kila mtu, anaona tablo vizuri kabisa ila kaye yake mwenyewe ni ukungu, na ku mwanga wa jioni inazidi. Muulize pembeni, mkiwa wawili, "papa, kaye unaiona?" Miwani ya kusomea inauzwa hata ku barabara. Na kama si macho inaweza kuwa kusoma kwenyewe, hapo fanya kazi yake iwe ya mikono na ya mdomo, na mtafutie mwenzake mmoja wa kumwandikia mpaka apate njia, hiyo ni siri yenu watatu.

Wanaosinzia, ni uchovu, si dharau, ukimkaripia mtu aliyeamka saa 10 ya usiku unamvunja bure. Usiwaikalishe zaidi ya dakika 20. Simamisha watu, meza moja watu wanne, waya, priz, bisibisi, wafanye, wakosee, wafungue tena. Sisi tulikuwa tunachangaka chai na mandazi katikati, kila mtu kidogo, dakika kumi, na nakuambia ile chai ilifundisha sana juu njo pale watu waliulizana yale waliyoogopa kuniuliza.

Na kusahau. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe na mu 1885 akatoa kitabu kinachoonyesha vile mtu anapoteza sehemu kubwa ya alichojifunza mu masaa na siku za kwanza kabisa, na kila akirudilia inakaa zaidi. Kwa hiyo dakika tano za kwanza za kila jioni usifungue somo jipya. Wafunge makaye, uliza maswali matatu ya jana na moja ya wiki iliyopita, waambiane wawili wawili kwanza, nyuma njo waseme kwa wote. Bila pointi, bila kuandika nani amekosa. Kukumbuka mwenyewe kunashikisha kuliko kusoma tena mara tatu, na anayefika amechelewa atakuta hajapoteza mlango wa somo.

Jaribu jioni moja tu vile nilivyosema, siku ya kwanza ijayo, na wiki hiyo hiyo salimia watu 5 kati ya wale 14. Niandikie uniambie walikujibu nini, nasubiri kweli.

Mama Mwalimu, niko na miaka 43, niliacha shule mu mwaka wa 4 wa primeri juu baba alikosa minervali. Sasa najifunza kushona, kalasi yote ni mabinti wa miaka 19, 20. Habari ya kupima na kukata patro inanishinda, nasahau, wanacheka, na formateri ananiambia "mama wewe pumzika, waache watoto wafanye". Nataka kuacha. Kweli kichwa cha mtu wa miaka yangu kinaweza? — Mama wa Mabanga

Mama yangu, kinaweza. Na nataka tuweke jambo moja sawa mbele ya yote: wewe haukukosa akili, ulikosa minervali. Katiba ya nchi yetu ya 2006 inasema shule ya primeri ni bure mu shule za serikali, me hiyo bure yenyewe ilianza kutumika kweli mu mwezi wa 9 wa 2019, ukiwa tayari mama wa watu. Usibebe ile miaka kama kosa lako.

Wale mabinti wanashika haraka maneno matupu, ni kweli, hawana mengi ku kichwa. Wewe unashika kitu ukikifunga ku kitu kingine unachokijua, na unajua vingi. Umenunua vikwembe mara ngapi? Umemwambia fundi mara ngapi "hapa inanibana"? Basi usianze na karatasi nyeupe. Chukua robe moja ya zamani inayokukaa vizuri, fumua mishono yake pole pole na wembe, kila kipande kitandike ku karatasi ya mfuko wa simenti, chora pembeni yake. Ile njo patro. Utaona kipande cha mbele ukikikunja mu mbili ni robo ya mzunguko wa kifua na kidogo cha kupumulia: kama kifua ni 96, robo ni 24, unaongeza 1 ao 2 ili mtu aweze kupumua, nyuma sentimita moja na nusu ya kushonea. Ukishaona ku robe yako mwenyewe kwamba namba hizo zilitoka wapi, hautazisahau. Fanya hivyo mara tatu na robe tatu tofauti, ya kwako, ya binti yako, ya jirani mnene, mbele ya kurudi ku patro za kalasi. Na jaribu kumfundisha mtu nyumbani yale uliyosoma jioni ile ile, hata mtoto wa miaka 10, utajua palipokatika.

Kwa jirani Tanzania, Nyerere, ambaye alikuwa mwalimu kweli wa kalasi, alisema mu 1964 kwamba lazima waanze kusomesha watu wazima, juu kazi ya watoto itaonekana nyuma ya miaka 5, 10, hata 20, na 1970 akaufanya mwaka wa elimu ya watu wazima. Nchi nzima ilitegemea watu wa miaka yako, mama.

Na formateri wake kama unasoma hapa, nakuomba na heshima yote, ile sentensi ya "pumzika" usiirudilie. Haukuwa na ubaya, najua, ulitaka kumpunguzia. Lakini alilipa sawa na wengine na umemwambia mbele ya mabinti kwamba amemaliza. Mpe mkasi yeye wa kwanza, na mtu akicheka simamisha kazi mpaka kicheko kiishe.

Shikamoo Mama. Niko na miaka 25, nafundisha mekaniki ya pikipiki. Ndani ya kalasi niko na papa wa miaka 50 na kitu, amefanya kazi ya garaje miaka 20, alikuja juu ya sertifika tu. Kila nikisema kitu anasema "hapana, sisi tunafanyaka hivi", na wengine wanamsikiliza yeye. Nimwondoe? — Formateri kijana, Katindo

Marahaba mdogo wangu. Usimwondoe, umepata msaidizi ambaye santre haimlipi. Anakupinga juu anaogopa miaka yake 20 itahesabiwa bure na mtoto wa miaka 25, na mbele ya kalasi hana njia nyingine ya kuitetea. Mwendee pembeni, mwite Papa kama vile ungemwita kartieni, umwambie, papa, wiki ijayo tunafanya pikipiki inayokataa kuwaka, naomba wewe uanze, uonyeshe vile mnafanyaka ku garaje, mimi nitamalizia. Hapo amepewa kiti na hahitaji tena kukinyang'anya.

Na pale mnapotofautiana, acha injini iamue. Yeye anasema shida ni kabureta, wewe unasema ni buji. Sawa. Toa buji, irudishe ndani ya kofia yake, ishike ku chuma cha injini, mmoja apige kiki, kalasi yote iangalie cheche. Cheche nzuri ya bluu, muachie papa akafungue kabureta yake. Hakuna cheche, jaribuni na buji mpya, na kama bado hakuna mnafuata waya kurudi nyuma. Nani alikuwa na haki si neno lako tena wala lake, na wanafunzi wamejifunza njia ya kutafuta, ambayo ni kubwa kuliko jibu lenyewe. Mimi nilikuwa na mama mmoja fundi wa zamani wa namna hiyo hiyo, tulishindana miezi 2 juu ya mashine inayofanya matanzi ya uzi chini ya kitambaa, yeye anasema ni kanete, ile ya uzi wa chini, mimi nasema uzi wa juu haujashikwa vizuri, mpaka siku tuliyoikalisha mashine katikati na kujaribu vyote viwili mbele ya kila mtu. Ilikuwa uzi wa juu. Lakini wiki iliyofuata alinionyesha ujanja wa kukata bila kupoteza kikwembe ambao sijaukuta kwa mtu mwingine, nafundisha nao mpaka leo, na jina lake nalitajaka.

Mahali pamoja tu usilegeze, usalama. Akiwasha sigara karibu na tangi ya esanse, ao akionyesha watu kunyonya esanse na mdomo ku mpira, unasema hapana, papa, hapa ndani hatufanyi hivyo, kwa sauti ya pole na bila mjadala. Heshima haizuii hilo.

Mama Mwalimu, mimi ni mudire wa santre. Wanachelewa, simu zinalia. Nimeamua amande, 1000 faranga kwa kuchelewa na 2000 kwa simu. Unashaurije? — Mudire, Himbi

Papa mudire, sishauri. Aliyechelewa juu mvua imenyesha ao juu mteja wa mwisho alimkawiza ndiye huyo huyo asiye na 1000 ya ziada, na siku hana hiyo feza hatakuja kabisa, utakuwa umebadilisha dakika 15 za kuchelewa kuwa jioni nzima ya kukosa, nyuma wiki, nyuma mtu. Waitishe, uwaulize wenyewe saa gani inawezekana, pengine ni nusu saa nyuma tu, na watakachokubaliana kwa mdomo wao watakilinda kuliko amande yako. Anzeni na maswali ya jana kwa saa ile ile hata kama wamefika wanne. Na maliza saa uliyosema. Kila siku. Mama anayejua atatoka saa 1 kamili anaweza kupanga nani atampokea njiani, ukimkawiza mpaka saa 1 na nusu mara mbili, bwana yake ao hofu ya giza itamwondoa.

Simu, waambie waziweke ku sauti ya chini na atakayepigiwa na nyumbani atoke, ajibu, arudi, juu kwa mzazi ile simu inaweza kuwa mtoto. Halafu zipeni kazi: wapige picha ya kazi yao kila jioni mwanzo na mwisho, na yule aliyekosa arekodiwe sauti ya dakika 2 na mwenzake, atumiwe ku WhatsApp, megabaiti chache tu. Nyuma ya miezi 3 mtu anaangalia picha zake za kwanza na za leo, na anawaita watu wa nyumbani waone.

Naweza kuja na mtoto wa miezi 4? Formateri anasema atasumbua. — Mama mdogo, Keshero

Njoo naye, mdogo wangu, na mwonyeshe formateri jibu hili. Ikala karibu na mlango, akilia utoke, ukirudi jirani yako akuonyeshe palipofikiwa. Ku kalasi yangu kulikuwa na kitanda cha kikwembe nyuma ya mashine ya mwisho, na mama aliyemaliza zoezi lake kwanza ndiye alikuwa anabeba mtoto wa mwenzake. Kama ni umeme ao kuchomea chuma hapo ni hapana kabisa, moshi na cheche si za mtoto, mwombe mudire chumba cha pembeni na muelewane mama wawili watatu kupokezana.